Mama, Taa ya Makutano Sasa Inalia

Mama yangu mpendwa,

Ninakuandikia kwa simu, ile inayonisomea kila herufi ninayoigusa. Nimekaa kibarazani kwetu, hapa Temeke. Ni Jumamosi, wapangaji wote wametoka, na nina habari ambayo sina mwingine wa kumpa.

Unayakumbuka yale makutano ya barabara kuu? Tangu nilipopoteza kuona nikiwa darasa la tatu, tuliyavuka pamoja kila asubuhi, kwanza kwenda shule, baadaye kwenda ofisini ninakopokea simu. Ulinishika kiwiko, tukasubiri taa ya waenda kwa miguu iwake kijani. "Haya, twende mwanangu," ulisema, kwa lafudhi yako ya Kipare ambayo miaka yote ya Dar haikuiondoa. Dereva akitusogelea ulimpigia boneti kwa kiganja: "Wewe! Hata mama huna?" Mie nikiona aibu, wewe ukicheka mpaka mlangoni pa ofisi.

Presha ilipokuchukua, nilibaki na fimbo nyeupe. Taa ile ilikuwa ya wenye macho tu, haikuwa na sauti yoyote. Nilisikiliza magari yatulie, au nilimsubiri mtu aniambie, "Sista, unavuka? Nipe mkono." Asubuhi moja hakutokea mtu. Nikasikia kumetulia, nikashuka. Bodaboda iliyopuuza taa ikaikanyaga fimbo yangu, ikavunjika. Nilisimama katikati ya barabara, honi kila upande, sijui mbele ni wapi wala nyuma ni wapi. Nilikuita, mama. Mtu mzima wa miaka arobaini, nilikuita kwa sauti, mpaka mama mmoja muuza mboga akaja kunitoa.

Wiki ileile nilikwenda kwenye ofisi inayoshughulikia taa hizo. Alinipokea mhandisi kijana, mwenye adabu.

"Shikamoo mama. Lakini taa ipo, na inafanya kazi."

"Inafanya kazi kwa nani?" nikamuuliza. "Twende wote ukaone."

Alikuja kweli. Pale ukingoni nilimwambia afumbe macho, kisha anivushe atakapodhani ni salama. Nyayo za watu zilitupita zikavuka, magari yakaondoka, yakasimama tena, naye hajainua mguu. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho ndani ya changu.

"Siwezi," akasema mwishowe. "Samahani, mama. Siwezi."

Ilichukua miezi mingi, na barua nyingi, na njoo kesho nyingi zaidi. Lakini mwezi huu wamefunga kifaa kwenye nguzo. Taa ikiwa nyekundu kinagonga polepole, ikiwa kijani kinalia harakaharaka. Muda wa kuvuka nao wameuongeza, hata wazee wanafika ng'ambo bila kukimbia. Yule mhandisi alinipigia mwenyewe kuniambia.

Watu wananipongeza. Lipo jambo ambalo sijawaambia. Tangu kifaa kianze kulia, hakuna anayenishika mkono. Wanaona navuka vizuri, wananipisha. Wiki nzima inaweza kupita bila mtu kunigusa hata bega. Nililipigania jambo hili na ningelipigania tena, maana wapo watoto wasioona wanaosoma ng'ambo ya barabara ile, nao wanavuka wenyewe sasa. Ila hakuna aliyenitahadharisha kwamba usalama nao una ukimya wake.

Jana jioni nilivuka kwa mwendo wangu, nikafika upande wa pili kifaa bado kinalia. Nikasimama, nikageuka kumshukuru aliyenivusha, maana mdomo umezoea. Hapakuwa na mtu. Nikasema asante hivyohivyo, polepole, kisha nikashika njia ya nyumbani.

Pumzika, mama. Usiniwazie barabarani. Ninafika.

Ni mimi,
kitindamimba wako