Shikamoo Isiyofika

Jumanne jioni

Na sasa baba mkubwa anaamini nimemnunia.

Leo dada alinipigia video kutoka wodini alikolazwa mzee, ili niongee naye, nikiwa kwenye kompyuta ya ofisini. Nilimwamkia mara tatu. Kwenye skrini maiki ilionekana iko wazi, kumbe swichi ya kwenye waya wa hedifoni niliizima mwenyewe asubuhi, kikaoni wasinisikie nikikohoa.

"Siku hizi hata shikamoo hana," alimwambia dada, akageukia ukutani. Dada akakata.

Nimempigia dada mara mbili. Mzee hataki simu.

Kesho asubuhi anapasuliwa. Tangu anilee kule Mlali hajawahi kuninyima marahaba. Ikitokea kwamba…

Nimesema shikamoo tena, hapa chumbani, peke yangu.