Namba Sita Yangu

Jumatano usiku

Namba sita yangu nimenyang'anywa leo jioni, na Jumamosi watu wa timu ya mkoa wanakuja hapa kwetu Gongoni kutafuta kiungo wa namba hiyo. Kapewa Shabani, niliyemfundisha kukimbia kila alfajiri barabara ya Kipalapala.

Kwenye mbio za kwenda na kurudi kwa filimbi nilifika raundi ya kumi na tatu. Yeye tisa. Hiyo ni pumzi ya kipa!

"Beki wa pembeni anapanda na kushuka, Masanja," kocha akasema. "Shabani kaniambia una mapafu ya punda, utafaa huko."

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, eti...

Shabani, kesho kabla ya mazoezi ya saa kumi unijibu usoni: uliiomba namba yangu, ndiyo au hapana?