Hasira Isifike Kwenye Kitambaa

Tooting, London

Mjukuu wangu Zuhura,

Salaam nyingi. Huku sote wazima. Mjomba wako amepata kazi ya kuendesha basi, na goti langu linalalamika kama kawaida.

Ujumbe wako kutoka Mombasa umenipandisha hasira tangu asubuhi. Unasomea unesi, matroni anakutukana mbele ya wagonjwa, halafu mwalimu wenu anakwambia unyamaze, eti Wagiriki wa kale walifundisha kujitawala! Nani kamwambia kujitawala ni kufunga mdomo? Hao hao Wagiriki waliweka haki na ushujaa bega kwa bega na kujitawala. Mbona hayo kayaruka?

Nilipokuwa msichana, nikijifunza unesi hapa hapa London, msimamizi wa wodi aliniita mshenzi nikiwa namwosha bikizee mmoja uso. Damu ilinichemka. Bikizee alikuwa amefumba macho, sabuni imemjaa usoni. Nikamsuuza polepole, nikamfuta, nikamlaza vizuri. Kisha nikaweka kitambaa chini, nikageuka, nikamwambia msimamizi mbele ya wodi nzima, "Usiniite hivyo tena." Akageuka akatoka.

Mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Lakini hasira ile haikumgusa yule bikizee hata chembe. Huko ndiko kujitawala ninakokujua mimi.

Kwa hiyo kesho mfunge mgonjwa wako bandeji kwa mkono mwepesi. Ukimaliza, geuka.

Bibi yako, ambaye bado hajapoa