Binti Ananionyesha Ndege, Nami Siwaoni

Mshauri wetu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo basi pokea salamu tu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na miaka yote ukurasa wako nilikuwa nausoma ili nicheke matatizo ya watu wakati nasubiri pasi ishike moto, leo zamu yangu imefika na naomba msaada.

Nina binti mmoja, ana miaka kumi na minane. Mama yake alifariki kwa saratani miaka mitatu iliyopita, na hapa lazima niseme kweli, tulimficha, mimi na marehemu tulikubaliana mtoto asivurugiwe mitihani yake, tukawa tunamwambia ni vidonda vya tumbo vitapona tu, mpaka siku alipoitwa kutoka darasani akamkuta mama yake ameshafunikwa shuka. Hakulia mbele yangu. Aliniambia neno moja, "Mlijua," kisha akaninyamazia karibu mwaka mzima, ndiyo na hapana, chakula kiko mezani, basi.

Kilichomrudisha ni ndege. Asubuhi moja ndege mdogo aliingia chumba changu cha kushonea, akajigonga kwenye kioo cha dirisha, akaangukia rundo la kola. Binti akamfunika kwa kitambaa, akamshika mpaka akapata nguvu, akaniuliza, "Baba, huyu anaitwaje?" Nikamjibu anaitwa ndege, na akacheka, mshauri, nilikuwa nimeshakisahau kicheko chake. Akaenda kumwuliza mwalimu, akarudi na kitabu cha picha cha kuazima na jibu kwamba yule ni chozi, ndege mfyonza maua. Nikanunua darubini ya mtumba, na tangu hapo kila Jumapili asubuhi tunakwenda kwenye mabwawa ya maji taka nyuma ya kiwanda cha ngozi, maana ndiko ndege wanakopenda, majirani wakadhani msiba umetuvuruga akili, lakini kwenye uvundo ule ndipo tulipozoeana upya, tunapokezana darubini, yeye anaandika daftarini, tumeona yangeyange sita, tumeona sululu wawili, wale wa mdomo mrefu uliopinda, na kati ya ndege mmoja na mwingine ananisimulia mambo ambayo zamani alikuwa akimwambia mama yake tu.

Sasa miezi saba iliyopita nilianza kujigonga kwenye fremu za milango na kushona mikono ya mashati kombo, nikamsingizia cherehani. Daktari wa macho akaniambia ni presha ya macho, nilichopoteza hakirudi, ila nikitia dawa ya matone kila siku na kurudi kliniki kila mwezi kitalindwa kilichobaki. Nimerudi mara moja tu, maana ningemuaga binti nakwenda wapi? Chupa nimeificha kwenye kopo la vifungo, siku nyingine natia, siku nyingine binti yuko karibu siigusi. Naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Binti akisema kushoto, baba, tawi la juu, nainua darubini na kusema nimemwona, mzuri kweli, na hata hilo tawi sijaliona.

Jumapili iliyopita akasema leo nitaje mimi, yeye aandike. Nikasikia kitu kimetumbukia majini, kama mdiria anavyopiga mbizi kufuata samaki, nikasema mdiria, juu ya nguzo ile. Akaandika. Nyumbani nililipeleka daftari juani nikalisoma kwa kioo cha kukuzia. Mistari mingine yote inaanza "tumeona." Mstari wa siku ile umeandikwa, "Baba ameona mdiria mmoja."

Tangu hapo sina raha. Amepata nafasi chuo cha wanyamapori, mbali sana, anaondoka mwezi ujao, na akijua atakataa kwenda ili abaki kunishika mkono. Dada yangu, ambaye ndiye pekee anayejua, anasema funika kombe mwanaharamu apite, mtoto aondoke kwanza. Mimi giza siliogopi sana, nitapapasa kama wanavyopapasa wengine. Naogopa aninyamazie tena. Nifanye nini?

Fundi wa Sare

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Pole ya mke na pole ya macho. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimekasirika, kwa hiyo nivumilie.

Unauliza umwambie au usimwambie. Ndugu yangu, anajua. Pale kwenye nguzo hapakuwa na mdiria. Binti hakutaka kuandika uongo daftarini, wala hakutaka kukuumbua, akatafuta maneno ya kupita katikati. Mtoto amekufungulia mlango, wewe unazunguka nyumba kutafuta dirisha.

Na ule mwaka wa kimya, mbona unausoma vibaya? Hakukunyamazia kwa sababu mama yake alikufa. Alikunyamazia kwa sababu mlimnyima nafasi ya kumuaga. Sasa unashona shati lile lile kwa kitambaa kile kile, halafu unategemea limkae vizuri! Dada yako ana nia njema, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie hilo kombe alifunue.

Kwenye matone nakukaripia bila haya. Kila siku unayoiruka, unatoa kipande cha jicho bure, na hakuna fundi wa kukirudishia.

Tena kuna jambo ambalo kliniki wangekueleza kama ungekuwa unahudhuria: ugonjwa huu hutembea katika damu. Mtoto wa mgonjwa anapaswa kupimwa mapema, kabla hajahisi lolote. Unadhani unamlinda, kumbe unamficha maradhi ambayo huenda na yeye anayo.

Kwa hiyo usisubiri Jumapili. Leo akirudi mkalishe, weka chupa mezani. Anza na mama yake, umwombe radhi kwa kumficha, ndipo ufike kwenye macho yako. Akilia, mwache alie. Akinyamaza, kaa naye humo humo kwenye kimya, usiinuke kwenda kwenye cherehani. Akisema haendi chuo, mwambie utatafuta mtu wa kukukatia vitambaa, na shangazi yake atakusindikiza kliniki, na usilegee hapo hata kidogo. Wiki hii mwende hospitali wawili, mpimwe wawili.

Macho yaliyoondoka siwezi kukurudishia, na sitakudanganya kwamba haitauma. Lakini kabla hajasafiri, nendeni tena mabwawani. Akikuonyesha ndege, darubini iache kifuani, umwambie, "Sijamwona, mwanangu. Niambie yukoje."