Baba Amejifunza Kanada

Kaka Nassor,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa mazoea, mkono umeandika kabla sijafikiri, na sitaifuta. Nipo sebuleni, hapa Ibra, Omani, na Baba amelala chumbani kwake baada ya sala ya adhuhuri. Yametokea mambo hapa nyumbani tangu ulipokufa, na sina mtu wa kumsimulia. Wengine wote watanicheka, au watamcheka Baba, na hilo la pili silitaki kabisa.

Baba anaijua Kanada, kaka. Anaijua kuliko mimi ninavyoijua Maskati.

Lakini nianze kule tulikoanza mimi na wewe. Ulikuwa umeshakaa Winnipeg miaka mingi ulipoomba uraia wao, ukaniambia lazima ufanye mtihani: historia yao, serikali yao, mito yao, hata mnyama wao. Ukasema ukisoma peke yako unasinzia. Ukanitumia maswali kwa faksi ofisini kwangu, na yule msichana wa mapokezi akaniletea karatasi zikiwa bado na joto la mashine, akauliza kwa sauti watu wote wasikie, "Nani anahamia Kanada?" Nikamwambia ni kazi ya skuli ya mtoto wa jirani. Basi ikawa kila Alkhamisi baada ya alasiri, Baba akishatoka kwenda sabla kukaa na wanaume wenzake, simu inalia. Huku kwangu jua linachoma, kwako hakujapambazuka. Nauliza, unajibu, na nasikia kijiko chako kinagonga kikombe.

"Mji mkuu?" nakuuliza. "Otawa." Nakwambia, "Una hakika si Toronto?" Unanijibu, "Usinitege, Zu."

Tulipofika kwenye lugha mbili za serikali tulicheka mpaka ukapaliwa na chai. Kiingereza na Kifaransa! Kifaransa ndicho Baba alichouzia dukani kwake Bujumbura maisha yake yote ya ujana, na tulipohamia huku hakikumfaa hata kununulia mkate. Ukasema, "Tungemleta Baba afanye mtihani yeye." Halafu nikarukia swali lililofuata.

Tulikuwa tunajua. Hapa sheria haimpi mtu uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa kwao, wa kwetu umeuacha. Na Baba alivyohangaika kuupata huu wa kwetu, mimi na wewe tulishuhudia, mizigo yetu ikiwa bado imefungwa kamba, yeye yuko mlangoni kwa watu akitafuta mzee wa kushuhudia kwamba babu yake alitoka hapa. Nilikuuliza mara moja tu kwa nini unafanya hivyo. Hukukasirika. Ulisema, "Huko Ibra wakiniuliza mimi wa wapi, nikiwajibu hawaniamini. Huku wananiuliza, nawajibu, yamekwisha." Hata mimi mpaka leo sokoni naitwa Zinjibari, yaani Mzanzibari, mtu ambaye Unguja sijaiona hata kwa mbali.

Kisha mwaka ule wao wenyewe wakaongeza eneo jipya huko kaskazini kwenye barafu, Nunavut, na jibu letu la maeneo mawili likawa kosa. Ulilalamika kama umedhulumiwa. "Nimeshalikariri, Zu! Sasa wanaigawa nchi!" Nilikuuliza nchi ile inapakana na bahari ngapi, ukasema tatu. Nikakwambia, na wewe umekwenda kukaa pasipo na hata moja. Ukanitaka nikueleze harufu ya papa mkavu aliyeletwa kutoka pwani, Ashkhara, yule Baba anayemtundika nyuma ya jiko na majirani wanalalamika. Nikakueleza. Sijui kama nilieleza vizuri.

Ulifaulu. Ukaapa. Na ukampigia Baba mwenyewe kumwambia, kwa sababu hukutaka asikie kwa watu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi hongera. Umepata wenyewe, si sisi." Akanipa simu, akaenda kutawadha. Tangu siku ile hakuishika tena simu yako. Idi ukipiga, yeye yupo bafuni, yupo na mgeni, yupo kwenye mitende. Na wewe ulikuwa unauliza kila mara, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba yupo?" Nakujibu, "Ametoka." Yeye amekaa mbele yangu anamenya chungwa.

Sasa nikwambie ya baada yako.

Aliyepiga simu alikuwa Abdi, rafiki yako yule Msomali aliyekulia Mombasa. Aliniambia gari lako liliteleza kwenye barafu ukirudi kazini, barafu nyembamba isiyoonekana, na kwamba hukuchukua muda kukata roho. Sijui kama kila aliyefiwa huambiwa hivyo. Alitaka kujua tunataka nini, maana kukusafirisha kungewezekana, ila kungechukua wiki kadhaa, karatasi za huku na za huko. Nikamgeukia Baba. Hakufikiri hata kidogo. "Azikwe alipofia. Leo, wakiweza."

Kaka, nilimchukia. Nakwambia wewe kwa sababu humwambii mtu. Watu waliokuja matanga walimsifu kwa subira yake, na mimi nilikuwa jikoni napika kahawa na kujiambia: amemtupa. Hata maiti yake hakuitaka, kwa ajili ya pasi tu.

Yakapita majuma. Siku moja tumekaa hapa hapa baada ya chakula, televisheni imewashwa hakuna anayeitazama, Baba akasema, "Yale maswali uliyokuwa ukimuuliza kwenye simu. Unayo?"

Nikamuuliza maswali gani. Akasema, "Zuhura, mimi si kiziwi. Nilikuwa nasahau miwani, narudi, nasikia. Nilikaa pale ukumbini mara nyingi tu." Na mimi miaka yote najua yuko sabla! Akasema, "Niulize na mimi."

Basi nikaanza. Mwanzo alikuwa hajui lolote. Mji mkuu akasema Toronto. Mikoa kumi alikuwa anaichanganya na majimbo ya Marekani. Lakini lugha mbili alijibu haraka, akakaa vizuri kwenye mto, akaongeza kwa Kifaransa cha dukani, kile cha kumwambia mteja bei haipungui. Nilipomfikisha kwenye mnyama wao nikamweleza kwamba ni kama panya mkubwa, anaangusha miti kwa meno na kuziba mto, na wamemchora kwenye sarafu. Baba akashtuka. "Anaziba maji? Na wakamweka kwenye pesa yao?" Akasema mnyama huyo angejaribu kuziba falaji ya Ibra, mfereji wa kumwagilia mitende, wenye zamu za maji wasingemwacha alale. Alicheka, kaka. Mara ya kwanza tangu matanga. Kisha akafunika uso kwa kilemba chake, akabaki hivyo.

Akawa hachoki. Nikirudi kazini nakuta amekwisha kaa ananingoja. Kisiwa kikubwa kuliko vyote. Mkoa wa mwisho kujiunga. Mchezo wa baridi na mchezo wa kiangazi. Tukienda Al Qabil kutazama mitende ya shangazi, mimi naendesha, yeye anahesabu mikoa kwa vidole kutoka mashariki mpaka magharibi, na kila akifika Manitoba, mkoa wa Winnipeg yako, sauti inashuka. Siku moja akaniuliza swali ambalo kwenye zile karatasi halikuwamo. "Huko Manitoba, huo mwezi aliokufa, baridi inakuwaje?"

Sikujua. Nikamuuliza Abdi. Na Abdi, masikini, akidhani nilikwisha kuambiwa, akanieleza. Kwamba mwezi ule ardhi inakuwa chuma, sururu inaruka. Kwamba wachimbaji huweka kifuniko kikubwa cha bati juu ya mahali pa kaburi, wakawasha makaa chini yake usiku na mchana ili ardhi iachie, ndipo wachimbe. Kwamba na lako lilifanywa hivyo.

Ningeweza kumficha Baba. Lakini alikuwa amekaa ananitazama usoni nilipokuwa nasikiliza, na mimi sijui kuficha uso. Nikamwambia.

Alisema, "Moto? Kwenye kaburi la mwanangu?"

Hakula siku ile. Hakwenda sabla, wala siku iliyofuata. Wenzake wakaja kumtazama, wakidhani homa, akawaambia ni mgongo. Maswali hayakuulizwa tena. Nilimsikia chumbani anasema peke yake, anajibizana na mtu, sijui ni wewe au marehemu Mama. Nilipompelekea uji akaniambia jambo ambalo nakuomba ulisikie vizuri. Alisema, "Unajua kwa nini nilisema azikwe haraka? Nilikuwa namwona kwenye friji. Wiki nzima, wiki mbili, mwanangu kwenye friji, wanamvuta na kumrudisha kama samaki. Nikasema hapana, atiwe udongoni apate joto. Kumbe udongo wenyewe ndio huo."

Nilikaa chini pale pale mlangoni na bakuli la uji mkononi. Mimi niliyekuwa namchukia jikoni.

Siku ya tatu au ya nne akatoka chumbani, amevaa kanzu safi na kilemba amekifunga vizuri kama anakwenda kuposa. Akasema, "Nipigie huyo Abdi." Akaishika simu mwenyewe. Ile simu, kaka, ambayo hakuishika kwa ajili yako. Alimsalimu, akamuuliza hali, akamuuliza wazee wake, yote kwa taratibu zake. Kisha akamuuliza, "Uliteremka kaburini wewe mwenyewe?" Nilikuwa karibu, nikamsikia Abdi anajibu. "Niliteremka, mzee. Mimi ndiye niliyempokea." Baba akauliza, "Chini kulikuwaje?"

Abdi akasema, "Juu ndiko kunakoganda, mzee. Chini hakugandi. Nilivua glavu ili nimshike vizuri, mikono mitupu. Udongo ulikuwa mbichi, laini, kama wa shamba." Baba akamwambia, "Sema tena." Akasema tena. Baba akamwambia, "Tena, mwanangu." Na Abdi akarudia mara ya tatu, na safari hii yeye naye alikuwa analia.

Baada ya hapo Baba alikula. Si kwamba amekuwa mzima. Hajawa mzima, na nadhani hatakuwa. Amekonda, sauti imempungua, akisali anachelewa kuinuka kwenye sijida mpaka nasogea mlangoni kumtazama. Wiki iliyopita sabla walikuwa wanamzungumza kijana wa mtu fulani anayetaka kubaki ng'ambo, na mmoja akasema wanaokwenda kule wamekwisha potea. Nimeambiwa Baba aliweka kikombe chini, akamuuliza yule bwana, mbele ya watu, Kanada ina mikoa mingapi. Yule akasema hajui. Baba akamwambia, "Basi usiseme mtu kapotea mahali usipopajua." Akaondoka. Tangu hapo haendi tena.

Aliomba viza aje kukuona. Daktari amemkatalia kupanda ndege, moyo wake hauwezi safari ya urefu ule. Hakubishana. Aliniuliza tu kama mimi naweza, na mimi nimeomba, na nimepewa.

Jana alinipa maneno ya kukuletea. Nilidhani atasema amekusamehe, na nilikuwa nimejiandaa kulia kwa hilo. Hakusema hivyo. Alisema, "Mwambie namuomba aniwie radhi." Nikamwambia, "Baba, mzazi hamuombi mtoto radhi, mtoto ndiye anayemuomba mzazi." Akasema, "Mimi namuomba. Alikuwa ananiulizia, nami nipo. Kila mara nilikuwepo." Akageukia ukutani.

Kaka yangu, Mungu akupanulie mahali ulipolala. Nakuja mwezi wa sita, Abdi atanipokea uwanjani. Sitasimama mbali, nitakaa chini karibu nawe, na maneno ya Baba nitakwambia kwa sauti, kama alivyoyasema, bila kupunguza. Kisha nitampigia simu hapo hapo na kuiweka majanini, ayaseme mwenyewe akiweza.

Mdogo wako,
Zuhura