Magoli Manne ya Kaka Salimu

Durban,
Jumapili, mwisho wa Novemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nakuambia yote, na nimeapa nisifute hata sentensi moja. Magoti ya Bibi yanaendeleaje? Na wewe, kile kikohozi kimeisha? Sisi huku ni wazima. Mitihani nimemaliza, na Baba yupo na simu zake mbovu anazotengeneza kwenye saluni ya Papaa Jado, yule Mkongo, kona ileile ya barabara ya Umbilo.

Nakuandikia kwa sababu simu yako huwa unaiweka sauti kubwa, na Mama Zubeda jirani hakosi pembeni. Haya si ya Mama Zubeda. Mama Halima anasafiri kesho kuja Tanga, nimemwomba akukabidhi mkononi.

Mama, timu ya Kaka Salimu imeshuka daraja. Japani kwao ilikuwa mchana, huku saa moja asubuhi, tukaitazama saluni kabla wateja hawajaja. Walihitaji sare tu. Wakafungwa mawili, la pili beki wao wenyewe alijifunga.

"Mtoto yetu iko wapi?" Papaa Jado aliuliza.

"Benchi," Baba alisema.

"Tena? Eish! Huyu kocha anaweka yeye pale kama maua ya ofisi!"

Mimi sikucheka. Kaka hakuingia leo. Wala wiki iliyopita. Mama, tangu Machi hajaingia. Mechi ya kwanza alicheza nusu saa, akakosa goli la wazi, kipa akiwa ameshaanguka. Kisha akaja kocha mpya ambaye hata kumjaribu hakumjaribu. Timu ikafungwa mwaka mzima na washambuliaji walewale, na yeye amekaa pale na koti lake. Nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi.

Lakini yale magoli manne niliyokuambia, hakuna hata moja. Niliyatunga mimi.

Siku ile ya kwanza uliuliza, "Amefunga?" Nikasikia kimya cha watu wanaosubiri kwenye simu yako, nikasema amefunga. Mama Zubeda akapiga vigelegele mpaka simu ikakoroma. Nilipokata, Baba alikuwa ananitazama. Nilidhani atanigombeza. Alisema tu, "Mwache mama yako afurahi," akaendelea na bisibisi yake. Baada ya hapo kila ulipouliza sana niliongeza jingine. Kaka hajui. Si umeona akikupigia anauliza habari za Bibi tu, mpira haugusi? Wewe ukasema mwanao hana majivuno.

Leo mechi ilipokwisha, wachezaji wote walijipanga mbele ya mashabiki wakainama kuomba msamaha. Ndivyo wanavyofanya kule. Wenzake walipoinuka, Kaka alikuwa bado ameinama. Baba alisimama ghafla, bisibisi mkononi.

"Hakucheza hata dakika moja leo! Anaomba msamaha wa nini?"

Baadaye Kaka alipopiga, Baba akamuuliza hivyohivyo. Akajibu taratibu, "Baba, tumeshuka wote. Hata mama anayetufulia jezi aliinama." Baba akanipa simu, akatoka nje.

Ndipo Kaka akaniambia mkataba hawamwongezi. Tiketi anayo tayari. Ijumaa atakuwa kwako, Tanga, kabla ya kuja huku. Akacheka kidogo: "Mama kasema atapika pilau la mtaa mzima. La nini, Rukia? Kuna harusi?"

Ninajua la nini. Ni la magoli yangu. Ninamwona Mama Zubeda akimshika mkono mbele ya watoto wa mtaa na kumwambia asimulie goli lile la kichwa. Mtu aliyeinama muda mrefu kuliko wote kwa kosa lisilo lake, aje ainame tena nyumbani kwa kosa langu.

Nisamehe, Mama. Nikija likizo nitakwenda mwenyewe kwa Mama Zubeda kumwambia mwongo ni nani. Kaka ana miaka ishirini na mbili tu, na Papaa Jado anasema kuna timu Pinetown, karibu na hapa, inatafuta mshambuliaji. Huenda ni maneno ya kutupoza, lakini nimemwomba namba yao.

Mpe shikamoo Bibi aliyenilea, na Mjomba Hamisi aliyemnunulia Kaka viatu vyake vya kwanza vya mpira. Huyu umwambie kwa upole. Mdogo wangu Asha mbusu.

Ukishasoma, nipigie ukiwa chumbani peke yako, sauti umeipunguza, unijibu hili moja tu: Kaka akifika Ijumaa hana goli hata moja, pilau utampikia?

Mwanao,
Rukia