Kesho Wananikabidhi Mrija Wako

Kaka Venasi,

Hujambo huko? Swali la kijinga, najua, ila sijui barua inaanzaje bila kujuliana hali. Hapa Mwese tuko wazima, isipokuwa mama. Hali chakula vizuri, na mlango ukigongwa anashtuka. Mkeo amerudi kwao Ilembo. Mwanao Deo tumebaki naye sisi. Watu wanaambiwa ulikufa kwa malaria. Malaria! Baba mdogo ndiye aliyeamuru hivyo, wakati majirani wote walikuwapo tulipokukuta.

Nina hasira na wewe, kaka. Siku ile tunatoka shambani ulisema, "Pombe nikiiacha silali, nikiinywa naona heri nisingezaliwa." Nikakwambia twende zahanati. Ukasema kesho. Kesho gani, Venasi?

Baada ya kukuzika nilienda mwenyewe. Nikamweleza nesi yote: babu, baba, sasa wewe, wote pombe kwanza, kisha kujiua. Akasema si laana wala mizimu. Zipo koo zinazorithishana wepesi wa kushikwa na pombe, na wepesi wa kuzama kwenye huzuni, na vikikutana kwa mtu mmoja vinachocheana. "Si lazima yakupate na wewe," akasema, "lakini pombe usiionje kabisa. Na ukizidiwa na mawazo, njoo tuongee."

Sasa sikia. Kesho tunamaliza msiba wako. Pombe ya ndizi imeiva, nyumba nzima inanuka. Mrithi ni mimi, kwa hiyo nitakalishwa mbele ya mtungi, nipewe mrija wako, nivute kabla ya wote, kama ulivyofanya tulipomaliza msiba wa baba. Nilikuwapo. Ulikunja uso, wakapiga vigelegele. Ulikuwa hujawahi kunywa.

Naogopa, kaka. Baba mdogo simwogopi, aseme atakavyo. Naogopa kwa sababu harufu ile tangu jana naipenda. Mate yananijaa mdomoni.

Na wamesema nikikataa mimi, atapewa Deo. Deo huyu wa darasa la nne!

Basi pumzika, kaka yangu. Mimi nakulilia bado. Nakuahidi kesho sitavuta. Nitawaambia wote, Deo akisikia, ulikufaje wewe, na baba, na babu. Halafu huo mrija nitauvunja mbele yao, asiurithi mtu tena. Wakinifukuza, nitaondoka na mtoto.

Mdogo wako,
Ferdi